Matairi ya A/T kwa Gari la Lami: Geolandar G015 Baada ya Masika Mawili

Katika kila kilomita kumi ambazo Prado yangu hutembea, tisa ni za lami: Mbezi hadi Posta asubuhi, Posta hadi Mbezi jioni, na mara nne au tano kwa mwaka safari ya kutoka Dar es Salaam kupitia Chalinze na Segera hadi Mombo. Ile ya kumi ndiyo yenye maneno. Kutoka Mombo lami hupanda milima ya Usambara hadi Lushoto, lakini ili nifike kwa wakwe zangu, upande wa Mlalo, hunilazimu kuingia njia za vijijini zenye udongo mwekundu, ambazo wakati wa kiangazi ni vumbi tupu na wakati wa masika ni kama sakafu iliyomwagiwa sabuni. Je, kilomita hiyo moja inatosha kulivisha gari matairi ya A/T mwaka mzima? Kwangu mimi imetosha, ila kwa A/T za aina moja tu, na naamini wengi wenye gari kama langu wangefaidika zaidi kwa kubaki na H/T.

Kwa asiyezoea herufi hizi, H/T ni tairi la barabara kuu, lenye kashata (vile vipande vya mpira vinavyogusa barabara) ndogo zilizobanana na mifereji mirefu ya kutolea maji. M/T ni la matope, lenye kashata kubwa zilizoachana, ambalo kwenye lami huvuma kama mashine ya kusaga. Na A/T, la njia za kila aina, limekaa katikati. Tatizo ni kwamba hiyo katikati ni pana mno. Yapo matairi ya A/T yaliyo karibu kabisa na H/T, na yapo yanayokaribia M/T, nayo yote huuzwa kwa herufi zilezile mbili.

Kosa langu la kwanza lilitokana na upana huo. Seti niliyonunua mwanzo, ambayo chapa yake siitaji, ilikuwa ya daraja la LT, yaani matairi yaliyoundwa kwa ajili ya malori madogo na pikapu za mizigo. Muuzaji alilipiga moja kwa kiganja, akaniambia, "Bosi, hili ndilo tairi lenyewe, hayo mengine ni ya kuendea sokoni." Nami nikaamini, kwa sababu tairi lenye ubavu mnene humpa mtu moyo hata kabla halijafungwa. Kama ningesoma ubavuni badala ya kusikiliza, ningeona namba 120, ambayo kwenye jedwali la mizigo ina maana ya kilo 1,400 kwa tairi moja, wakati ukubwa wa kiwandani wa 265/65R17 (upana wa milimita 265, ubavu wa asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 17) wenye namba 112 tayari hubeba kilo 1,120. Matairi manne ya namba 112 yanabeba jumla ya kilo 4,480, na Prado iliyojaa watu, magunia ya viazi na mkungu wa ndizi juu haizidi tani tatu. Nilikuwa nimelipia nguvu isiyokuwa na kazi ya kufanya.

Nguvu hiyo ina gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Tairi la LT ni zito zaidi, kwa hiyo gari huondoka kwa uvivu na mafuta huisha mapema. Tena halitaki upepo uleule: kibandiko cha mlangoni mwa Prado yangu kinasema psi 29, lakini tairi la LT likijazwa kiasi hicho halibebi mzigo ambao tairi la kawaida lingeubeba kwa upepo huohuo, hivyo ni lazima liongezwe, na likiongezwa kila shimo dogo hupanda moja kwa moja hadi kwenye uti wa mgongo. Mama mkwe, ambaye si mtu wa kulalamika, alishuka Lushoto ameshika kiuno.

Seti ya pili ni Yokohama Geolandar A/T G015 ya 265/65R17 112H, nayo ndiyo ninayoitathmini hapa. Haina maandishi ya LT mbele ya ukubwa. Ni tairi lenye muundo wa gari la abiria, namba ya mzigo ni ileile ya kiwandani, na herufi H ina maana ya kasi ya hadi kilomita 210 kwa saa, ambayo hakuna mwenye akili timamu atakayeitafuta kati ya Chalinze na Segera. Ubavuni kuna pia alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Theluji yetu iko juu ya Kilimanjaro na haifikiwi kwa gari, kwa hiyo alama hiyo isimwongezee mnunuzi wa Dar hata shilingi moja ya hamu, ingawa yapo maduka yanayoitaja kwa sauti ya kuinadi.

Jambo lililonisumbua zaidi kabla ya kununua lilikuwa lami iliyolowa. Yeyote anayeijua Barabara ya Morogoro anaifahamu ile mvua ya kwanza baada ya miezi ya jua, inayochanganya vumbi, mafuta ya malori na maji kuwa utando mwembamba ambao tairi hupita juu yake bila kuigusa lami. Hapo ndipo A/T kali huonyesha udhaifu wake: kashata zake zimeachana, kwa hiyo mpira unaogusa barabara ni mchache, na mara nyingi mpira wenyewe umetengenezwa mgumu ili usikatwe na mawe. G015 ina kashata zilizokaribiana kiasi, zenye mikato midogo mingi juu yake, na kingo za mikato hiyo ndizo zinazokwangua ule utando. Sikupima kwa futi kamba, na nisingependa mtu achukue maneno yangu kama kipimo cha maabara, lakini nikikanyaga breki karibu na Kimara mvua inaponyesha, gari husimama kwa utulivu ambao seti ya kwanza haikunipa kamwe. H/T nzuri bado ningeitarajia iwe mbele yake. Anayetaka kulinganisha kwa namba atazame kibandiko cha Umoja wa Ulaya cha ukubwa uleule anaotaka kununua; tangu mwaka 2021 kibandiko hicho hupanga mshiko wa kwenye maji na ulaji wa mafuta kwa herufi A hadi E, na hutaja sauti kwa desibeli. Maduka yetu hayakibandiki, lakini kwenye intaneti kinapatikana.

Sauti ipo, na ipo kwa kila A/T. Chini ya kilomita 60 kwa saa siisikii. Kwenye 80 ni mvumo wa chini ambao redio huufunika. Kinachouzuia usigeuke kelele ni kuzungusha matairi kabla kashata hazijalika upande mmoja, jambo ninalolifanya kila baada ya kilomita 8,000, nikilihusisha na tairi la akiba.

Huko Mlalo sasa. Kwenye changarawe na mawe, A/T hii imestahili nafasi yake: haitelezi kwenye kona za vumbi kama H/T zilizokuja na gari lilipotoka Japani, na ubavu haujachanika. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, mnunuzi asidanganyike. Udongo ule hujaza mianya kati ya kashata kwa mizunguko michache tu, na kuanzia hapo tairi huwa kama kipara, liwe la bei gani. Nimekwama mara moja, kwa uvivu wangu wa kutopunguza upepo mapema; tulipoushusha hadi 20, gari lilitambaa likatoka bila kusukumwa. Tangu siku hiyo natembea na geji na pampu ndogo ya umeme, kwa sababu kurudi kwenye lami na upepo wa 20 ni kulipika tairi.

Kuna kishawishi cha kupanda ukubwa hadi 265/70R17 ili gari lionekane limesimama. Ninakiri lilinipitia. Hesabu yake ni nyepesi: kipenyo kinatoka milimita 776 hadi 803 hivi, yaani zaidi kwa asilimia 3.4, na gari linainuka kwa nusu tu ya tofauti hiyo, kama sentimita moja na kidogo. Spidomita ikisoma 50, gurudumu jipya linakwenda karibu 52 kwa kipimo kilekile, na trafiki mwenye tochi kwenye kibao cha 50 haulizi ukubwa wa tairi.

Ununuzi wenyewe unahitaji macho. Duka moja lilinitolea matairi yanayong'aa kwa dawa, ambayo tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT zilionyesha kwamba yalikuwa yametengenezwa miaka mitano nyuma. Tarakimu mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingine tarakimu hizo zimo upande wa ndani, na muuzaji hatakugeuzia tairi usipomwambia. Nilinunua matano, si manne, kwa kuwa Prado hii huendesha magurudumu yote manne wakati wote, na tairi la akiba lenye kipenyo tofauti huifanyisha difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kazi isiyo yake kwa muda wote litakapokuwa limefungwa.

Kwa mwenye Harrier au RAV4 ambaye udongo wake pekee ni mita mia tatu kutoka lami hadi getini, H/T yenye mifereji mizuri itamtosha, itanyamaza, itasimama vizuri kwenye maji na itamwachia fedha za alaimenti. Kwa mwenye wakwe Mlalo, G015 ya daraja la kawaida ndiyo ninayoirudia. Vinundu vya ndani ya mifereji, vinavyoonyesha tairi limebakiwa na milimita 1.6, bado viko mbali kwenye seti yangu, lakini sitavisubiri. Zikibaki tatu nitabadilisha kabla masika hayajaanza.