Spesa za milimita 5 kwenye Impreza STI: tairi limeacha kusugua?

Habari zenu ndugu zangu watazamaji, karibuni tena. Leo tuko chini ya gari. Hii ni Subaru Impreza WRX STI ya 2003, na waliotazama video iliyopita wanaukumbuka ule mlio wa mbele kulia kila nikikata kona kwa kasi.

Sogeza kamera hapa. Mnauona huu mstari unaong'aa kwenye shokapu? Rangi imeliwa hadi chuma, na huu unga mweusi ni mpira wa tairi. Chanzo ni mimi mwenyewe. Gari lilitoka kiwandani na rimu za inchi 17 zenye upana wa inchi 7.5, ofseti 53 (yaani uso wa rimu unaokaa kwenye habu uko milimita 53 nje ya katikati ya upana wake), tairi 225/45 (upana wa milimita 225, kimo cha ubavu asilimia 45 ya upana huo). Nikafunga rimu za upana wa 8.5, ofseti ileile, na tairi 245/40. Inchi moja iliyoongezeka imegawanyika pande mbili, kwa hiyo ukingo wa ndani umeisogelea shokapu kwa milimita 12.7.

Kabla hujanunua spesa, yaani kisahani bapa kinachokaa kati ya habu (kitovu kinachobeba rimu) na rimu, jua kwanza tairi linasugua wapi. Spesa inasukuma rimu nje, basi. Kama tairi linagusa fenda, spesa itakuzidishia tatizo. Paka chaki kwenye shokapu na kwenye ukingo wa ndani wa fenda, pakia watu wanne, zunguka mtaani, kisha rudi uangalie chaki imefutika wapi. Na usidanganyike kwa kukata usukani hadi mwisho gari likiwa limesimama. Kwenye Subaru shokapu inageuka pamoja na tairi, nafasi kati yao haibadiliki. Tairi linagusa pale linapobebeshwa uzito na kujipinda.

Sasa bidhaa zenyewe. Nilianza na hizi hapa, za bei rahisi. Tazameni matundu: zimetobolewa za 5x100 na za 5x114.3 (matundu matano kwenye duara la kipenyo cha milimita 100 au 114.3) kwa pamoja ili ziingie magari mengi, na tundu la katikati ni pana mno. Shingo ya habu ya Subaru, ile duara iliyochomoza katikati, ni kipenyo cha milimita 56.1. Spesa hii ukiivisha inachezacheza, angalieni, naitikisa kwa kidole. Nilifunga hivyohivyo, na nikifika kilomita 90 kwa saa usukani ulitetemeka mikononi. Nilizitoa siku ileile, na simshauri mtu yeyote kuzinunua.

Hizi za pili zina tundu la 56.1 kamili. Inaingia kwa kusukuma, imekaa, haichezi. Na angalieni, shingo ya habu bado imechomoza mbele ya spesa, kwa hiyo rimu inapata pa kukalia. Ukitumia spesa nene zaidi shingo hiyo inafunikwa yote, na hapo lazima spesa iwe na shingo yake yenyewe.

Sehemu inayonitia hofu zaidi ni nati, maana hapa ndipo tairi linapochomoka barabarani. Stadi za gari hili, zile boliti za habu zinazopokea nati, ni M12x1.25, yaani unene milimita 12 na kila mzunguko wa nati ni milimita 1.25. Milimita 5 za spesa zinakula mizunguko minne. Nilihesabu kwa mkono: bila spesa nati iliingia mizunguko 11, ikiwa na spesa mizunguko 7 tu. Nati inatakiwa kushika angalau kiasi cha unene wa stadi, milimita 12, yaani mizunguko 10. Saba haitoshi! Fundi wangu akazigonga stadi za zamani zikatoka, akavuta ndefu mahali pake. Sasa nahesabu 15. Kama fundi wako anakwambia "inatosha hiyo, kaza tu", chukua gari lako uondoke.

Ufungaji wenyewe: habu isuguliwe kwa brashi ya waya hadi kutu iishe, kwa sababu punje moja tu ya kutu inaipindisha rimu. Kaza kwa msalaba, umalizie kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa kiwango cha kitabu cha gari, halafu rudia kukaza baada ya kilomita 100. Na tafadhali sana, usipachike spesa mbili moja juu ya nyingine.

Nimetembea nazo wiki tatu. Mtetemo hakuna. Usukani umekuwa mzito kidogo, na kwenye barabara mbovu unavuta zaidi kuliko zamani, kwa sababu tairi limesogea mbali na mhimili linalogeukia. Beringi nazo zinabeba mzigo zaidi, nitakuwa nazikagua. Kwa milimita 5 nakubali gharama hiyo. Kwa 20 nisingekubali, ningetafuta rimu yenye ofseti inayofaa.

Nyuma sijafunga, kule chaki ilifutika upande wa fenda.

Haya, ule mstari wa kwenye shokapu niliowaonyesha mwanzo niliupaka rangi nyeupe wiki tatu zilizopita, nilipofunga spesa. Lete tochi. Mnaona? Nyeupe yote, haijaguswa.