Mchuchumio kwenye Skyrim: HDT au RaceMenu?

Swali haliishi kwa wanaocheza Skyrim, ile gemu ya kompyuta, wakiwa na modi (nyongeza za mashabiki) za viatu: mhusika kavaa mchuchumio, miguu imezama sakafuni mpaka kifundo, sasa kati ya HDT na RaceMenu, modi mbili za kumpandisha, mfumo upi bora? Vyote viwili bure kudaunlodi kwahiyo hela siyo ishu.

HDT inampandisha kwa efekti inayowashwa akivaa kiatu, na shida ndo iko hapo, efekti ikigoma kuwaka anabaki amezama, ukimvua na kumvisha tena mara nyingi inakaa sawa. RaceMenu urefu umeandikwa ndani ya meshi yenyewe ya kiatu (faili la umbo lake la 3D), fungua na NifSkope, programu ya kuhariri meshi, utaiona HH_OFFSET na namba yake, hiyo kwa kutegemewa naipa mimi, ila kama aliyekonvati kiatu (aliyekihamishia kwenye mfumo huu) hajaiweka hata uvue mara mia hapandi, iongeze mwenyewe.

Matunzo sasa. RaceMenu inataka SKSE, programu ya pembeni inayoziwezesha modi za hivi kufanya kazi, na gemu ya Steam ikijiapdeti tu SKSE na RaceMenu vyote vinagoma mpaka utafute matoleo yanayoendana, inachosha kweli. Ukiona anaelea hewani, cheki kiatu kisije kikawa kinabeba mifumo yote miwili.

Uko Skyrim ya 2011 na viatu vyako vingi ni vya HDT, baki nayo. Uko Special Edition, toleo jipya la 2016, nenda RaceMenu.