Kifaa cha kutyuni pikapu ya dizeli: kabla hujauliza nguvu, vuta soketi uitazame

Tangu mvua za vuli zianze napokea malalamiko ya aina moja. Kaka mmoja wa Konde, Pemba, kafunga boksi la kuongeza nguvu kwenye Hilux yake ili ipande vilima na magunia ya karafuu. Mwanzo gari iliruka kweli, lakini mvua ilipochanganya taa ya injini ikawaka, gari ikawa inakwenda mwendo wa punda. Dada anayebeba mwani kutoka Jambiani naye kaniambia hayohayo, ila yake haikungoja hata mvua. Wote wawili fundi kawaambia nozeli, zile zinazomwaga dizeli ndani ya injini, zimekufa. Nozeli hazikuwa na kosa lolote. Soketi ndizo zilizoingia maji na chumvi.

Kwa hiyo sizungumzii nguvu za farasi. Zimeandikwa kwenye kila katoni, na kifaa chochote cha maana kitaziongeza. Nazungumzia kitu ambacho sijamsikia muuzaji hata mmoja akikitaja, yaani mpira wa soketi.

Maboksi mengi yanachomekwa kati ya sensa ya presha ya dizeli na kompyuta ya gari. Boksi linaidanganya kompyuta kwamba presha ni ndogo kuliko ilivyo, na kompyuta inaiongeza. Sensa yenyewe inazungumza kwa umeme mdogo sana, usiozidi volti tano. Kutu ya kijani kwenye pini moja inatosha kuyavuruga mazungumzo hayo. Kompyuta haiwezi kujua kama hiyo ni kutu au ni presha; ikiona hesabu haikubali, inakata nguvu kuilinda injini. Huko ndiko kugoma wanakolalamikia watu. Ninachokiogopa zaidi ni kosa likiangukia upande wa pili, presha ikapanda kuliko alivyokusudia aliyetengeneza boksi, na taa isiwake.

Na magari yetu yanaishi na chumvi. Pikapu inalala hatua chache na ufuo, inavushwa hadi bandari ya Mkoani, Pemba, kwenye sitaha ya meli, ikirudi inaoshwa kwa mashine ya presha boneti ikiwa wazi. Kifaa ambacho soketi yake ni tundu tupu la plastiki hakimalizi msimu.

Ukiwa dukani, itoe soketi uitazame. Mdomoni uone pete ya mpira, mara nyingi ya rangi ya machungwa au kijani, imekaa barabara kwenye mfereji wake. Igeuze nyuma: kila waya uwe umeingia kupitia kijimpira chake. Ukikuta waya zimezibwa kwa gundi ya moto, kirudishe kwenye katoni na uondoke. Halafu ichomeke, kifungio kilie, na ukiivuta isicheze.

Kwa kipimo hicho, ninayoiweka mbele ni Steinbauer ya Austria, na sifichi kwamba naipenda. Soketi zake ni za aina ileile ya kiwandani, hakuna waya unaokatwa. Pia haipandishi presha ya reli, yaani bomba linalogawia nozeli dizeli, kama maboksi ya kawaida. Inarefusha kidogo muda wa nozeli kumwaga dizeli. Kwa injini kuukuu kama 1KD ya lita 3.0, ambayo Hilux nyingi za huku zinayo na ambayo inajulikana kwa kupasua pistoni nozeli zikichoka, sitaki mtu aipandishie presha. Ubaya wake ni bei, maana inazidi dola 1,000. Anayebeba mzigo kila siku namwambia adunduize.

Ya pili ni Unichip ya Afrika Kusini. Inaweza kuhifadhi ramani, yaani mpangilio wa namna injini inavyopewa dizeli, zaidi ya moja, ukachagua ya mzigo au ya safari tupu, na inarekebishwa kulingana na gari yako, haiji na ramani moja ya wote. Lakini ina waya nyingi, na kila waya ni mlango wa maji. Nimeona kazi ya fundi mmoja wa mjini: waya zimekatwa, zikasokotwa kwa vidole, zikafungwa mkanda mweusi. Kwa joto la injini mkanda ule ulikuwa umeshaachia, gundi inanata vidoleni na shaba imegeuka kijani. Ukimpata fundi anayetumia risasi ya kulehemu na mpira wa kubana kwa moto, inunue. Kama humpati, iache.

Ya tatu ni vifaa vya kuandika upya ramani kwenye kompyuta yenyewe kupitia soketi ya chini ya dashibodi. SCT wanajulikana sana kwa Ford, na HP Tuners nao wamo. Hapa hakuna kitu kinachobaki chini ya boneti, kwa hiyo kwenye suala la chumvi vinashinda vyote. Nimevishusha kwa sababu vinadai faili sahihi. Hilux iliyoletwa kutoka Dubai, Japani au Afrika Kusini haina lazima iwe na programu moja, hata ikiwa na injini moja. Hakikisha faili la asili limehifadhiwa kabla hujagusa chochote, na betri iwe kwenye chaja muda wote wa kuandika, kwani umeme ukishuka katikati unaweza kuiua kompyuta. Na jihadharini na vilivyotumika: vingi hufungwa na namba ya chesisi ya gari ya kwanza, na mwenyewe asipoirudisha gari yake kwenye ramani ya asili, wewe umenunua plastiki.

Vidhibiti vya pedali, kama Pedal Commander, haviongezi nguvu hata chembe. Vinafanya pedali iitike haraka tu. Vile vidude vya bei ya chai vinavyouzwa kwa jina la Nitro OBD2 watafiti wa Quarkslab wa Ufaransa walivifungua wakakuta vinawasha taa tu. Basi.

Ukishanunua, anza na ngazi ya nguvu ya chini kabisa, baada ya kubadilisha filta ya dizeli na ya hewa na kupima nozeli. Wengi hufanya kinyume: wanaweka ngazi ya juu siku wanayobeba mzigo. Mzigo ndio unaotaka ngazi ndogo, kwa sababu injini inakaa kwenye moto muda mrefu. Funga geji ya joto la moshi kabla ya tabo (turbo). Mlimani ikikaribia nyuzi 700, punguza mguu. Na usisahau klachi. Toyota wenyewe, walipoiongezea Hilux ya lita 2.8 nguvu mwaka 2020, waliipa ya otomatiki Nm 500 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) na ya gia za mkono wakaiacha kwenye 420. Wenye kiwanda wakijizuia hivyo, fundi anayekuahidi 550 kwenye gia za mkono anakuuzia klachi mpya.

Boksi lifungwe juu, mbali na tairi, waya ziteremke kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi ili maji yadondokee chini. Grisi ya silikoni kwenye pete ya mpira, si grisi ya beringi.

Sasa bei. Kifaa kimeshatozwa kodi na usafiri, sawa, tunaelewa. Lakini muuzaji anataja dola, anabadilisha kwa kiwango chake mwenyewe, kisha anakataa katoni isifunguliwe mpaka ulipe, na risiti imeandikwa kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Duka moja nimeambiwa nimlete mume wangu ndipo nioneshwe soketi. Mtu anatoa fedha za karafuu za msimu mzima, ananyimwa kutazama pete ya mpira! Duka likikukatalia kufungua, toka. Wapo wanaofungua bila kuguna, na hao ndio ninaowatajia wanaoniuliza pa kununua.