Maadhimisho ya okestra ya jiji: usiku mmoja wa fahari au msimu mzima?

Usiku mmoja huvuta macho, lakini hula fedha. Simfoni (utungo mrefu wa okestra) ya 8 ya mtunzi Mahler, kipenzi cha sherehe za aina hii, inadai waimbaji 8 wa solo, kwaya mbili kubwa, kwaya ya watoto na kinanda cha mabomba. Wapigaji wa ziada hulipwa kwa mazoezi pia, si onyesho peke yake. Jukwaa likiwa dogo, safu za mbele za viti huondolewa, na tiketi zake zinapotea. Hata ukumbi ukijaa pomoni, hasara inawezekana.

Msimu hutumia wapigaji walioajiriwa tayari: wanne wa ala za nyuzi shuleni, watano wa ala za kupuliza maktabani, okestra kamili mara chache. Kishindo hakuna (wadhamini watanuna), ila diwani ataona kata zilizofikiwa.

Ugumu hasa uko kwenye kalenda. Ruzuku aghalabu huidhinishwa kwa mwaka mmoja, ilhali kondakta na waimbaji wakubwa husaini mapema zaidi. Huko Birmingham, Uingereza, okestra ya jiji ilianza 1920. Mwaka 2024 halmashauri, ikiwa taabani kifedha, iliamua kukata ruzuku ya okestra hiyo nusu, kisha kuifuta kabisa mwaka wa fedha uliofuata. Pigo kama hilo likija, usiku mmoja uliokwisha kusainiwa haupunguziki. Msimu unaweza kuachia tamasha mbili tatu.

Bora msimu. Tarehe yenyewe ipigwe Simfoni ya 7 ya Beethoven: horni 2, tarumbeta 2, wala hakuna wa kukodi.