Nilivyokabidhi bastola yangu mlangoni mwa mahakama, Tabora

Natoa nyota tatu kati ya tano kwa namna walivyoipokea na kunirudishia. Mbili zimeliwa na dakika kumi za asubuhi, na katika hizo tatu zilizobaki, moja ni ya mama mmoja wa zamu ya mchana ambaye nitamfikia.

Mimi ni mnunuzi wa asali. Nazunguka vijiji vya Sikonge, nawalipa warina asali papo kwa papo, na ndiyo maana nina bastola ya milimita 9 yenye leseni. Ninayo tangu kabla ya ule uhakiki wa silaha wa mwaka 2016, tulipopanga foleni polisi kila mtu na chuma chake. Basi nikapata samansi ya kwenda kutoa ushahidi kwenye kesi ya madai: watu wawili wanagombania madumu ya asali, na mimi nilikuwepo yakipimwa. Mahakama yenyewe siitaji, ila iko mjini Tabora.

Najua, najua. Silaha ningeiacha nyumbani. Lakini nilikuwa nimelala kijijini na asubuhi hiyo nimetoka porini moja kwa moja hadi mjini. Kuiacha kwenye gari haikuwa na mjadala. Kioo cha gari ni jiwe moja tu, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwenye silaha aitunze isifikiwe na asiyehusika. Ikiibwa utaulizwa wewe, si jiwe.

Mlangoni kuna bango la kukataza silaha. Halisemi uliyenayo ufanye nini. Foleni ilikuwa na watu kama ishirini, wengi akina mama wa kesi za mirathi, wamekaa kwenye benchi na mafaili yao kwenye mifuko ya rambo. Nikamsogelea mlinzi kabla sijaifikia mashine, mikono ikiwa mbele inaonekana, nikamwambia taratibu: "Mwangaluka, afande. Nina silaha kiunoni upande wa kulia, leseni iko mfuko wa shati. Naomba utaratibu."

Hapo nilifanya sawa, na kwa hili nampa ushauri yeyote atakayejikuta nayo pale: sema mapema, sema polepole, na usiiguse. Usisubiri mashine ipige kelele.

Yule kijana akageuka akamwita mwenzake kwa sauti ya mnada: "Huyu mzee ana silaha!"

Benchi zima likaniangalia. Mama mmoja akamvuta mtoto wake miguuni kwake. Tabora si mji wa kushangaa baruti. Mtemi Isike, mtawala wa hapa enzi hizo, alijilipua nayo humu humu mwaka 1893 ngome yake ilipozidiwa na Wajerumani. Lakini kuangaliwa namna ile saa mbili na nusu asubuhi, wewe ni shahidi tu umekuja kueleza habari za madumu, inatia aibu.

Wakanipeleka kwenye chumba kidogo pembeni ya lango. Meza moja, kabati la chuma, daftari, na ukuta mwembamba ambao nyuma yake ndiyo ile foleni. Nilitafuta kwa macho ndoo ya mchanga au pipa la kuelekezea mtutu. Hakuna. Nikaomba niitoe risasi mwenyewe, maana naijua. Yule kijana akasema utaratibu ni wao. Sawa, ni haki yao, hata mimi nisingemruhusu mtu nisiyemjua ashikeshike bastola mbele yangu.

Akaichomoa kwenye mfuko wake wa ngozi. Sasa naomba msomaji anifuate hapa, kwa sababu ndilo jambo lililonifanya niandike. Bastola yangu nilikuwa nimeibeba chemba (pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) ikiwa tupu, magazini (kasha la risasi linalochomekwa) ina risasi kumi. Ukitaka kuiondolea risasi, magazini inatoka kwanza. Inatoka, unaiweka mbali, ndipo unakoki, yaani unavuta nyuma chuma cha juu, na kuangalia chemba kwa jicho, na kwa kidole kama mwanga hafifu. Yeye alianza kwa kukoki. Magazini ikiwa ndani! Maana yake risasi ya juu ikapanda yenyewe ikaingia chemba. Kisha ndipo akachomoa magazini, akaiweka mezani kwa fahari ya mtu aliyemaliza kazi.

Kwa hiyo bastola iliyoingia chumbani ikiwa haina kitu kwenye chemba, sasa ilikuwa nayo, na aliyeishika anaamini ni tupu.

Halafu nikaona kidole chake kinaenda kwenye traiga. Walinzi wengine wana tabia hiyo, wanafyatua mara moja "kuhakikisha". Mtutu ulikuwa umeelekea ukutani. Nyuma ya ukuta, yule mama na mtoto wake.

"Kijana, acha! Toa kidole! Ina risasi!"

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Mke wangu anasema hata ng'ombe sijawahi kuwapigia kelele. Akaganda. Mwenzake akasema kwa upole, "Koki tena." Akakoki. Risasi ikaruka, ikagonga kona ya meza, ikabingirika chini ya kabati la chuma. Kimya kidogo. Kilichosikika ni karani wa nje akiita majina.

Akapiga magoti kuitafuta. Nilimwonea huruma, kijana wa umri wa mwanangu wa pili, kola imelowa jasho. Akaomba radhi, "Samahani mzee wangu, tulifundishwa haraka haraka." Nikamwambia yaishe. Lakini risasi haikuonekana, na jina langu likawa limeitwa mara ya kwanza. Akaandika kwenye daftari: bastola moja, risasi tisa.

Nikakataa kusaini. Risasi si njugu. Zinahesabika, na siku ukiulizwa ya kumi iko wapi, "chini ya kabati la mahakama" si jibu. Tukaliburuza kabati sisi watatu. Ilikuwa pale, imelala kwenye vumbi karibu na mfuniko wa kalamu. Ikaandikwa kumi. Nikauliza namba ya silaha mbona haijaandikwa. Akaiandika, akaruka tarakimu moja, nikamsahihisha. Nikauliza stakabadhi yangu iko wapi. Akachana kipande cha karatasi ya daftari, akaandika "silaha 1", akapiga sahihi. Kabati lilifungwa kwa kufuli, hilo nalishukuru, ila ufunguo ulining'inizwa kwenye msumari juu ya kabati hilohilo.

Mahakamani kwenyewe hakuna la kusimulia. Wakili wa upande mmoja hakutokea, kesi ikaahirishwa. Nilikaa muda wa saa nne kwenye benchi nikiufikiria ule msumari.

Mpwa wangu anaishi Marekani, jimbo la Washington, lile la magharibi lenye mji wa Seattle, si makao makuu. Jioni nilipomsimulia alicheka kwanza, kisha akaniambia sheria ya jimbo lao imelishughulikia hili. Mahakama ikikataza silaha, ndani ya jengo hilohilo lazima pawe na kisanduku cha kufuli kisichohamishika, chenye kutosha bastola, ufunguo abaki nao mwenye silaha. Au ateuliwe ofisa maalumu wa kuipokea. Na ikipotea au ikiharibika kwa uzembe, serikali ya eneo hilo inawajibika. Sisemi tuige kila kitu cha kwao, kwenye habari za bunduki wana matatizo yao makubwa kuliko yetu. Lakini kisanduku hakikoki bastola ya mtu.

Tumfikie sasa yule mama. Nilirudi saa tisa mchana, zamu imebadilika. Alikuwa askari mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Nikamwamkia, akaniuliza habari za Sikonge kama tunafahamiana. Kile kikaratasi changu alikitazama akakiweka pembeni bila kusema neno, akaomba leseni na kitambulisho. Akafungua kabati, akaitoa bastola mtutu ukiwa chini, akavuta chuma cha juu akakizuia nyuma, akaangalia chemba, akaingiza ncha ya kidole kidogo. Akanigeuzia nami niangalie. Akasoma namba kwa sauti, tarakimu moja moja, mimi nikifuatisha kwenye leseni. Risasi akazipanga mezani mbili mbili kama mtu anayehesabu mayai. Kumi. "Saini hapa, baba. Na magazini usiipachike hapa mlangoni." Dakika nne, hazikuzidi tano. Ningekuwa na uwezo ningemwomba awafundishe wale vijana siku moja tu, tena kwa magazini tupu.

Siku ya tarehe mpya ya kesi nilibadili mpango. Nilipita kwanza kituo cha polisi nikaiacha huko. Ilichukua kama nusu saa kwa sababu mtunza ghala alikuwa amekwenda kunywa chai, lakini alipokuja alifanya kila kitu kwa mpangilio, na stakabadhi ilikuwa na muhuri. Kutoka hapo nikapanda bodaboda hadi mahakamani, nyepesi kama mtu aliyetua gunia.

Yule kijana alikuwa mlangoni. Akanitambua. "Shikamoo mzee, leo vipi?"

"Marahaba. Leo mikono mitupu, mwanangu."

Nikapita kwenye mashine, ikalia. Nikatoa mkanda, ikalia tena. Kwenye mfuko wa koti kulikuwa na kisu changu cha kukatia masega, nilikisahau tangu wiki iliyopita, bado kina nta. Akakipokea kwa vidole viwili, kwa kushika mpini, ncha imeelekea chini, akakiweka kwenye ndoo. Ndiyo, sasa palikuwa na ndoo ya mchanga. Akafungua daftari, akauliza urefu wake, akaandika kwa herufi kubwa: KISU 1, MPINI WA MTI, KINA ASALI KIDOGO.