Kidude cha OBD na Forester inayomisi

Subaru Forester yangu ya turbo ikiwa imesimama inanguruma vizuri tu. Ukikanyaga mafuta kupanda mlima Kitonga, inamisi (silinda inakosa kuwaka) na taa ya injini inapepesa. Fundi mmoja alitaka kushusha injini, eti! Nikachomeka chini ya usukani kidude hiki cha OBD, kinachosoma misimbo ya hitilafu kwenye kompyuta ya gari, simu ikasoma P0302: silinda ya pili inamisi. Nikabadilishana koili yake (inayoipa plagi umeme wa cheche) na ya silinda ya nne, msimbo nao ukahama, P0304. Basi, koili imechoka. Turbo ikishindilia hewa, cheche inadai volti kubwa zaidi, ndiyo maana koili mbovu huumbukia mlimani. Bluetooth ya kidude hukatika ovyo, na programu imejaa matangazo. Nyota nne.