GNU Go 3.8: je, kukariri maumbo kunatosha?

Miezi kadhaa sasa nacheza na GNU Go kwenye laptopu kuukuu. Ni programu inayocheza Go, mchezo wa ubao ambapo wawili huweka mawe kwa zamu ili kuzingira eneo na kukamata mawe ya mwenzake. Ni huria, sijalipa hata senti. Toleo lenyewe ni la 2009, miaka 7 kabla AlphaGo, programu ya akili bandia, haijamshinda bingwa wa Go Lee Sedol 4–1, kwa hiyo sikuifuata kwa ubingwa. Nilitaka kujua kama kulinganisha ruwaza za mawe, yaani maumbo yanayojirudia ubaoni, kuna maana, au ni kukariri tu.

Raha yake ni kwamba unaweza kuchungulia ndani. Maumbo yamechorwa kwa herufi katika faili za kawaida: O ni anayecheza, X mpinzani wake, nukta ni mahali patupu, nyota ndipo jiwe liwekwe. Kila umbo hutafutwa kwa mielekeo yote 8. Nilicheka: kumbe akili yote ndiyo hii? Kisha nikasoma mistari iliyo chini ya michoro. Maumbo mengi yana sharti: programu haikubali pendekezo mpaka isome mbele, yaani ifuatilie hatua zijazo, ione kama jiwe la mpinzani litakamatika kweli. Hapo ndipo penye thamani. Chukua ngazi, ule ukimbizanaji wa mshazari ambao jiwe moja la pembe ya mbali huugeuza wote. Umbo la karibu halifiki huko, usomaji hufika.

(Tuliokulia kwenye mchezo wa bao, jambo hili la kukariri maumbo hutupiga chenga. Kete zikishasambazwa, sura ya mchezo imevurugika. Jiwe la Go halihami mpaka likamatwe, ndiyo maana maumbo hukaririka.)

Nikajaribu mbinu yake nyingine, Monte Carlo, kwenye ubao mdogo wa mistari 9x9. Programu hucheza michezo mingi ya kubahatisha hadi mwisho, kisha hupima hatua ipi ilileta ushindi zaidi. Ukichagua mpangilio wa mc_uniform, kubahatisha hakujali umbo. Mc_mogo_classic hutumia vimaumbo vidogo vya mtindo wa MoGo, programu nyingine ya Go. Ya kwanza niliisumbua kwa kukatakata mawe yake tu, yaani kuyatenganisha yasiungane. Ya pili, kila nikikata ilijibu palepale. Michezo 10, nimeambulia 3. Vimaumbo vile vidogo!

Naipa nyota 4. Ya tano imebaki kwenye ubao wa 19x19, ambako hatua nzuri ya hapa si lazima iwe ya kuchezwa kwanza kuliko ya kule. Ukiijaribu, iwashe kwa vigezo --boardsize 9 --monte-carlo, halafu badilisha --mc-patterns ujionee mwenyewe.